Bwato bila matrikule

Wazee wetu wa Union Minière na wa Gécamines walijua nguvu ya matrikule. Mutumikaji alipewa nimero siku ya kuingia kazi, na ile nimero njo ilifungua mulango wa hospitali, iliandikisha watoto ku masomo, ilitoa unga ya posho kila mwezi. Mwaka 1972 Mobutu alibadilisha majina ya watu wote, Jean akakuwa Ilunga, lakini matrikule ilibaki ileile. Leo kuko vijana wanashuka ku mini kwa kazi ya sous-traitance bila nimero yoyote, na siku jiwe inaanguka, bureau inauliza: “Huyu ni mutu wa nani?” Sisi wa sendika tunajua ile swali. Tumeisikia mara mingi, na kila mara kulikuwa mama mumoja na watoto wanangojea jibu inje ya mulango.

Sasa swali ileile inaulizwa ku maji.

Mwezi wa 9 mwaka 2025, mu jimbo la Équateur, mabwato mawili yalipata aksida kwa siku mbili tu, moja upande wa Basankusu, ingine upande wa Lukolela. Watu waliokufa walipita 190. Mwezi wa 4 wa mwaka ule ule, HB Kongolo, bwato ya mbao yenye motere, iliwaka moto karibu na Mbandaka. Habari zilisema moto ulianza pale mama mumoja alikuwa anapika chakula ndani, na waliokufa walikuwa zaidi ya 140. Mbele ya pale, tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024, bwato yenye jina Merdi, iliyotoka Minova, ilizama ku Ziwa Kivu wakati ilikuwa imebakiza kidogo kufika ku bandari ya Kituku mu Goma. Watu walisimama kandokando ya maji na kuona kwa macho yao. Gavana wa Sud-Kivu alisema watu 278 walikuwa ndani na 78 walikufa. Viongozi wa upande ule mwingine, Nord-Kivu, walitoa hesabu ya chini zaidi.

Tusimame kidogo hapo. Bwato inazama mbele ya muji muzima, mchana, karibu na bandari, na Leta haiwezi kusema kwa sauti moja ni watu ngapi walikuwa ndani. Si kwa sababu hakuna mutu wa kuhesabu. Ni juu ya kukosa liste ya watu waliopanda, na juu ya ile hesabu ya watu ambayo bwato inaruhusiwa kubeba kukuwa neno tu, maneno ya mukubwa wa bwato siku ya soko.

Mutu wa Likasi atatujibu: Équateur ni mbali, Kivu ni mbali, sisi ni watu wa shaba. Kweli ni watu wa shaba, lakini tuko na ziwa. Tshangalele haikuumbwa na Mungu siku ya tatu, iliumbwa na Union Minière. Ukuta wa Mwadingusha ulifunga Mto Lufira, na tangu 1930 umeme wake ulienda kwenye viwanda vyetu. Maji yalipanda juu ya mashamba, na samaki zilikuja. Leo wavuvi wa Kapolowe wanalisha soko za Likasi, na turbini za Mwadingusha, zilizotengenezwa upya na SNEL pamoja na kampani ya Kamoa-Kakula, zinatuma umeme ku mini za Kolwezi. Kwa hiyo hakuna mutu anaweza kusema kwamba habari za ziwa si habari za mini. Ni mutoto wa mini.

Na watu wa mini wako juu ya yale maji. Mwaka 2003, wakati wa ile mupango waliita “départs volontaires”, watumikaji 10.655 wa Gécamines walitoka na feza ya mukono. Wengi wao walienda ku shamba, wengine ku biashara ndogo, wengine ku nyavu na pirogi. Hata leo, kama kontra inaisha na mutu anapata malipo yake ya mwisho, kuko wale wanaonunua motere. Na tangu miaka michache kuko namna mupya: mashua ya kutembea, ile ya kubeba familia siku ya kwanza ya juma, kuonyesha watoto ukuta wa Mwadingusha na ndege wa mu matete. Hatucheki watu hawa. Mutu aliyepiga miaka makumi mbili chini ya ardhi ana haki ya kukaa juu ya maji na kupata upepo. Tunauliza tu kama karatasi zake ziko sawa, juu ya siku moja mambo itageuka.

Hapa njo watu wengi wanachanganya. Wanafikiri karatasi ya bwato ni moja. Hapana. Kuko karatasi inayosema bwato ni ya nani. Kuko ingine inayosema bwato ile ni ipi, nimero yake ni ngapi, inaweza kuelea na watu ngapi. Na kuko ya tatu, ile ya kulipa kodi, na hii njo yenye hila kubwa, kwa sababu iko na muhuri mukubwa kuliko zote na haithibitishi kitu kingine kuliko kwamba umelipa.

Ku parcelle tunajua hii vita tayari. Ni familia ngapi mu Likasi zilikuwa na “livret de logeur”, zilikuwa na “fiche parcellaire”, zililipa kila kitu, na siku moja mutu mwingine alikuja na “certificat d'enregistrement” na akashinda? Sheria ya udongo ya mwaka 1973 inajua karatasi moja tu yenye nguvu ya mwisho. Wazee walilia mbele ya tribinali na mifuko ya kitansi mukononi. Bwato haiko parcelle, inatembea, na ile inaongeza taabu: parcelle utaikuta pale pale uliiacha, lakini bwato inaweza kulala Kapolowe leo na kesho iko imepandishwa ku lori, inaenda Nzilo ama ku Ziwa Mwero.

Tuchukue mufano. Mekanisie mumoja wa Panda, tumuite tu Mekanisie, kontra yake imeisha. Mu Lubumbashi anakuta mashua ya plastiki ngumu yenye motere, mutu aliileta kutoka Zambia kwa njia ya Kasumbalesa. Wanasikilizana bei. Mwenye kuuza anapasua ukurasa mu kaye ya mutoto, anaandika: nimeuza mashua yangu kwa huyu, feza nimepokea, na sinyature. Mekanisie anafika ku ziwa, mukubwa wa service anamuomba kodi, analipa, anapewa kitansi. Anarudi nyumbani na moyo baridi. Kisha miezi sita mutu anakuja na polisi: “Mashua ni yangu, yule nilimwachia tu alinde.” Sasa Mekanisie ataonyesha nini? Karatasi ya kaye haina shahidi, haina nimero ya motere, haina nimero ya mashua yenyewe. Kitansi kinasema alilipa kodi, hakisemi alinunua. Na karatasi za duane, zile DGDA ilitoa ku mupaka, zilibaki mu mufuko wa mwenye kuuza, kama ziliwahi kuwako.

Kwa hiyo mwanzo wa yote ni kununua vizuri. Acte de vente iandikwe na majina kamili ya wote wawili na nimero za vitambulisho vyao, urefu wa bwato, rangi yake, nimero iliyochorwa ku mwili wake kama iko, nimero ya motere na nguvu yake, bei kwa herufi na kwa tarakimu. Mashahidi wawili. Kisha ipelekwe ku notaire iwekwe muhuri. Kama bwato au motere ilitoka inje, karatasi za DGDA zitoke pamoja na ufunguo. Mwenye kuuza akisema “nitakuletea kesho”, feza pia ingoje kesho. Na kama bwato ni pirogi iliyochongwa hapa hapa, fundi aliyeichonga aandike karatasi na mukubwa wa kijiji asinye. Watu wanaona haya kuomba karatasi kwa fundi wanayemujua tangu utoto. Lakini fundi atakufa siku moja, na bwato ya muti muzuri inaweza kuishi kumupita.

Kisha inakuja matrikule yenyewe. Inchi yetu iko na Kodi ya safari za mito na maziwa tangu tarehe 14 mwezi wa 3 mwaka 1966, na kazi ya kuandika mabwato na kuyaangalia ni ya service za wizara ya transport, ile watu wanaita commissariat fluvial. Agent anapima urefu, upana na kina, anasoma nimero ya motere, anaangalia kama mbao haijaoza na kama jile ziko, anaandika watu ngapi na muzigo kiasi gani. Nimero ile ichorwe ku mbavu ya bwato, kubwa, yenye kusomeka kutoka mbali. Mwenye mashua ya kutembea asiseme “mimi sibebi abiria.” Maji haiulizi kama ulipanda kwa kazi ama kwa raha. Na tena, siku utakubali vijana kumi wakulipe kusudi uwatembeze, ile haiko tena kutembea, ni kubeba watu kwa feza, na karatasi inafaa kubadilika.

Mahali pengine watu wanafanyaje? Mu majimbo mengi ya Marekani kuko karatasi mbili kabisa kwa bwato, sawa kwa gari: moja ya umiliki, ingine ya nimero, na benki inaandika deni lake juu ya ile ya umiliki, kwa hiyo mutu hawezi kuuza mashua yenye deni bila mununuzi kujua. Ufaransa walikuwa na hatua mbili kwa mashua ya raha ya baharini, na tangu tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 2022 walizifunga mu “certificat d'enregistrement” moja. Wale wanatenga, hawa wanaunganisha. Kwa sisi jambo si hesabu ya karatasi. Jambo ni kwamba ku ile inchi mununuzi anaweza kuingia ku bureau na kuuliza: bwato yenye nimero hii ni ya nani, iko na deni? Na atajibiwa. Mu Haut-Katanga tunataka kufika pale.

Kuko wale watatuambia kwamba karatasi haizuie maji kuingia. Ni kweli, na hatutaificha. Tarehe 20 mwezi wa 9 mwaka 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, ku Ziwa Victoria la Tanzania. Kilikuwa cha serikali yenyewe, kilijulikana, kilikuwa na kiasi chake kilichoandikwa, watu 101. Siku ile walikufa watu 228. Karatasi ilikuwako, mutu wa kuifuata hakuwako. Lakini angalieni tofauti: kwa sababu kiasi kilikuwa kimeandikwa, kila mutu aliweza kuona kosa iko wapi, na rais Magufuli aliagiza wakubwa wakamatwe. Kwa Merdi, mabishano ya kwanza yalikuwa juu ya hesabu ya maiti.

Sasa neno moja juu ya wamama. Ku ziwa letu, mara nyingi bwana njo anavua, na bibi njo anauza, na feza ya kununua motere ilitoka ku meza ya bibi. Acte de vente inaandikwa kwa jina la bwana peke yake. Bwana akikufa, siku ya matanga bandugu wanashuka ku maji mbele ya maiti kuingia mu kaburi, wanafungua motere, wanaenda nayo. Kodi ya familia inasema kingine: watoto wa marehemu ni wariti wa kwanza na wanapata robo tatu ya mali, mujane, wazazi na bandugu wanagawana ile robo inayobaki. Kwa hiyo ndugu anayechukua bwato yote anaiba watoto. Lakini mama atasimamaje mbele ya tribinali kama hana hata nimero ya bwato? Njo maana tunasema kwa wenzetu wa sendika: kama mulinunua wawili, andikeni majina mawili. Haitapunguza heshima ya mwanaume. Mwanaume anayeogopa jina la bibi yake ku karatasi, tunamuuliza kwa upole anaogopa nini.

Na kuko sababu ingine, ile inayotugusa zaidi sisi wa mini. Maji machafu ya Likasi inashuka. Kutoka Shituru inapita ku Buluo na inafika ku Lufira, na Lufira njo ziwa. Watafiti wa Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ulaya walipima cobalt mu mukojo wa watu wanaokaa karibu na viwanda na maziwa ya Katanga, na matokeo waliyotoa mwaka 2009 yalionyesha kiasi kikubwa sana. Wengine walipima samaki za Tshangalele na wakakuta metali ndani. Hatusemi hivi kusudi mama wa soko wakose wateja. Tunasema kwa sababu siku moja swali la kulipa litafika. Mwezi wa 2 mwaka 2025 ukuta wa bwawa la Sino-Metals Leach ulivunjika upande wa Chambishi, kule kwa jirani zetu wa Zambia, asidi ikafika mpaka Mto Kafue na samaki zikakufa. Mwezi wa 11 wa mwaka ule, maji machafu ya CDM iliingia mu mitaa ya Lubumbashi, na waziri wa mini, Louis Watum, akasimamisha kazi ya kampani ile kwa miezi mitatu.

Kodi ya mini ya 2018 iko wazi: mwenye haki ya mini analipa hasara aliyoletea watu, mali yao na mazingira, hata kama haionekani kosa lake. Ni sheria nzuri kabisa. Lakini inalipa hasara ya mutu anayejulikana. Siku kampani itatuma watu wake na kompyuta kuandika wavuvi walioharibikiwa, watauliza jina, bwato, nyavu, tangu mwaka gani. Mwenye karatasi ataandikwa. Asiye nayo ataambiwa alete mashahidi, na pale pale watatokea wavuvi wa uongo mia, watu ambao hawajawahi kushika kasia, na kampani itapata sababu ya kukataa wote. Tumeona mambo kama hii ku mashamba, wakati wa kulipa watu waliohamishwa juu ya mini. Matrikule ya bwato iliyotoka miaka mitatu mbele ya ajali haiwezi kusemwa kwamba ilitengenezwa kwa kutafuta feza.

Tunajua kwa nini watu wanakimbia ile bureau. Wanasema: ukiandika bwato, umeiandikia kodi mupaka kufa. Service ya wizara itakuja, ya jimbo itakuja, ya chefferie itakuja, kila moja na kitabu chake cha kitansi, na wengine bila kitabu. Ile woga si ujinga, imetoka ku barabara, ku barrières, ku soko. Njo maana tunaomba mutu akumbuke kitu kimoja: feza ya Leta hailipwi mukononi. Kama ni ya inchi, DGRAD inatoa “note de perception” na unalipa ku benki. Kama ni ya jimbo, ni DRHKAT, na njia ni ileile. Agent anayeomba feza kandokando ya maji bila note, mwombe kwanza jina lake na karatasi inayosema bei. Mara nyingi atakumbuka kwamba ana kazi upande mwingine.

Kwa upande wa wakubwa, maombi yetu si mengi. Mvuvi wa Kapolowe asilazimishwe kulipa lori na kulala muji wa watu kusudi pirogi ya muti ipewe nimero. Agent apange siku na ashuke ku maji na mètre na rangi. Bei ya pirogi isiyo na motere isikuwe sawa na ya mashua ya mukubwa wa kampani. Bei zote zibandikwe ku mlango wa bureau na ku chefferie, kwa Kiswahili, herufi kubwa. Na kitabu cha nimero kifunguliwe kwa mununuzi anayeuliza.

Delege wetu ataanza kuandika majina ya wenzetu wenye mabwato, wale wa kuvua na wale wa kutembea, ku Tshangalele na ku Nzilo. Lete acte de vente kama unayo. Kama hauna, lete jina la mutu aliyekuuzia na mwaka, na picha ya motere pale nimero inaonekana. Wajane wapite wa kwanza.